Namba ya Zuhura

Jumapili, mwezi wa sita. Upepo umeanza kabla ya jua na mpaka sasa haujakaa. Vumbi limeingia kila mahali, hata kwenye hii kibodi. Herufi ya A inabidi niibonyeze kwa nguvu, kwa hiyo mkikuta neno limepungukiwa mtanisamehe. Niko intaneti kafe ya karibu na soko, kompyuta ya ukutani, ile ambayo hakuna mtu anayepita nyuma yako. Nimeichagua kwa sababu hapa mtu anaweza kulia bila kuulizwa.

Mtanisamehe, nimeandika. Akina nani? Blogu hii ilikuwa na wasomaji wawili. Mmoja ni mimi. Mwingine ni Zuhura, ambaye ndiye aliyenilazimisha niifungue. Alisema kama mdomo unagoma basi vidole viongee. Zuhura alifariki mwezi wa tatu. Sasa hivi naandika mwenyewe, nasoma mwenyewe.

Kesho shule inafungwa. Jina la Zuhura litasomwa la mwisho darasani, na sifuri, mbele ya mama yake.

Aliyeiandika hiyo sifuri ni mimi.

Ngoja nieleze vizuri, maana tangu jana kichwani mwangu mambo yanazunguka tu na sijamwambia mtu yeyote.

Shuleni kwetu kila mwanafunzi ana namba. Si ya daftari la mahudhurio tu. Imepakwa rangi nyuma ya kiti chako, imechomwa kwenye mpini wa jembe lako, iko kwenye ndoo yako ya kumwagilia. Ukipoteza ndoo unaambiwa, "Namba ngapi?" Hata walimu wengine wanatujua kwa namba kuliko majina. Zuhura alikuwa kumi na saba. Mimi kumi na nane.

Tulipata namba hizo siku ya kuandikishwa kidato cha kwanza, kwa sababu yeye alikuwa mbele yangu kwenye foleni. Nilipofika mezani nikaulizwa jina, nikaganda. Mimi niko hivyo, mtu mgeni akiniuliza kitu koo linafunga kama limewekewa kufuli. Zuhura alikuwa ameshamaliza, anaondoka. Akageuka, akaangalia begi langu lililoandikwa kwa kalamu nene, akasema, "Anaitwa Salome huyu. Anaumwa koo." Nilikuwa siumwi. Hakuwa ananijua. Tangu siku hiyo akawa ananijibia mpaka tukafika kidato cha tatu.

Asubuhi mstarini kila mmoja anaita namba yake kwa sauti ili mwalimu wa zamu ajue nani hayupo. Zuhura alipofariki, hakuna aliyekaa kikao kuamua. Siku ya kwanza baada ya mazishi tulianza kuita, tukafika kumi na sita, pakawa kimya. Mwalimu wa zamu hakusema kitu. Tangu hapo tunafanya hivyo kila asubuhi: kumi na sita, kimya cha pumzi moja, halafu kumi na nane. Hakuna aliyehamishwa kiti wala aliyepewa namba yake.

Kwa hiyo wa kwanza kufungua mdomo baada ya kile kimya ni mimi. Kila asubuhi. Mimi ambaye hata "nipo" naitoa kwa shida.

Baada ya arobaini mama yake alikuja shuleni. Ana duka dogo la vitenge na kanga pale sokoni, mtu wa kucheka sana, lakini siku ile alikaa ofisini kwa mkuu wa shule ameshika mkoba kwa mikono miwili. Aliomba kitu kimoja tu, jina la mwanawe lisifutwe mpaka mwaka uishe. Mkuu akakubali. Sote tulifurahi.

Sasa nije kwenye kompyuta.

Chumba cha kompyuta alikianzisha Mwalimu Mkumbo, ambaye mwaka jana alihamishiwa Kigoma. Kabla hajaondoka aliandika programu ya kupanga matokeo ya mitihani, akanifundisha mimi kuitumia, akaniachia ufunguo. Alinifundisha kwa sababu nilikuwa nakaa mle wakati wa mapumziko. Nilikuwa nakaa mle kwa sababu hakuna watu. Hakujua hilo. Labda alijua.

Programu yake ina sehemu mbili. Ile kubwa imeandikwa kwa C, lugha ambayo lazima uikompaili kwanza, yaani uigeuze iwe lugha ya mashine, ndipo mashine iielewe. Alikuwa anasema hiyo ni ugali: ukishaiva huwezi kuurudisha uwe unga, ukitaka tofauti unasonga mwingine. Sehemu ndogo ni skripti ya lugha nyingine iitwayo Lua, faili la maandishi tu, na hiyo ni chumvi, unaongeza ukiwa mezani. C inakusanya wastani wa kila mwanafunzi na kuupanga kwenye safu, yaani vyumba vilivyofuatana, kila chumba na namba ya mwanafunzi wake. Halafu inaiita funksheni, yaani kipande chenye kazi yake maalumu, iliyoko kwenye skripti, inaikabidhi safu nzima na kuiambia panga. Skripti inapanga nani wa kwanza, nani wa pili, inarudisha majibu, C inachapa.

Alifanya hivyo kusudi sheria za kupanga zikibadilika mtu asiye fundi aweze kubadilisha skripti bila kuharibu ugali. Mtu asiye fundi ndiyo mimi.

Ijumaa Mwalimu Ntandu, mwalimu wa taaluma, alinipa alama zote za darasa letu nikaziingiza. Namba kumi na saba haikuwa na alama, nikaiacha wazi. Nikabonyeza. Ikatoka orodha ya watu kumi na sita.

Mwalimu Ntandu si mtu mbaya, ila anapenda kuchekesha. Alichukua ile karatasi, akaigeuza nyuma kuona kama kuna wengine, akasema, "We binti, darasa zima hili! Wengine wamekufa?"

Akacheka. Monita wetu Daudi alikuwa mlangoni ameleta chaki. Daudi hakucheka. Mimi niliangalia kibodi.

Mwalimu hakukumbuka. Ana madarasa manane ya kushughulikia na juzi tu alikuwa anamwita Daudi kwa jina la kaka yake. Aliniuliza tatizo nini, nikajibu, "Umeme, mwalimu. Ulicheza." Uongo. Umeme ulikuwa umetulia kabisa. Nilisema umeme kwa sababu ni neno moja, na hakuna mtu anayeuliza zaidi ukishasema umeme.

Ukweli niliujua nilipokuwa narudi nyumbani. Funksheni ya kwenye skripti inatembea chumba kwa chumba: cha kwanza, cha pili, cha tatu. Ikikuta kimoja kitupu inajua nyumba imeishia hapo. Inageuka, inarudi. Ilifika kumi na saba, ikakuta hakuna mtu, ikamalizia hapo. Sisi wengine wote tulioko baada ya Zuhura tukawa hatupo. Na wa kwanza kutokuwepo ni mimi.

Nitasema kitu cha ajabu. Nilipoelewa hivyo nilisimama njiani, nikaona kwamba mashine ndiyo peke yake iliyosema kweli. Mimi mwenyewe tangu mwezi wa tatu nimeishia hapo hapo.

Jumamosi nilipanga nirekebishe taratibu. Lakini Mwalimu Ntandu alikuja mapema, pikipiki ameiacha inaunguruma nje, maana alikuwa anawahi Ilongero kwenye alizeti yake. Imeshakatwa, iko chini, na upepo kama huu unapukutisha mbegu zote. Alisimama nyuma yangu anaangalia dirishani, haangalii kioo cha kompyuta.

"Imekubali?"

"Kuna sehemu haina alama, mwalimu. Ndo inagomea hapo."

"Haina alama? Si uweke sifuri. Weka sifuri twende."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Maneno yenyewe mawili: ni Zuhura. Nimeyahesabu tangu jana, ni mawili tu. Nikaweka sifuri. Programu ikapita vizuri kama maji, orodha ikatoka nzima, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Wa mwisho: Zuhura. Wastani: sifuri.

Niliona, jamani. Siwezi kudanganya hapa kwamba sikuona. Printa ilikuwa inasukuma karatasi polepole, na mstari wa mwisho ulitoka peke yake. Mwalimu akaivuta, akaikunja, akaiweka mfukoni mwa koti. "Safi sana binti. Jumatatu naisoma hii hii." Akaondoka.

Kama hujawahi kuhudhuria siku ya kufunga shule yetu huwezi kuelewa. Wazazi wanakaa kwenye viti chini ya vivuli vya madarasa. Mwalimu wa taaluma anasoma kila darasa kwa nafasi. Wa kwanza mpaka wa kumi wanapigiwa makofi. Halafu watu wanaongea zao mpaka akaribie mwisho, hapo kila mtu ananyamaza, masikio yanasimama. Akitajwa wa mwisho, uwanja mzima unacheka. Hata wazazi. Hata mimi nimewahi kucheka. Ni desturi tu, yule mtoto naye huwa anacheka kidogo akiwa ameinamisha kichwa.

Zuhura hakuwahi kushuka chini ya wa tatu tangu kidato cha kwanza.

Jana jioni baba alinituma sokoni, ikabidi nipite mbele ya duka la mama yake. Nilijaribu kupita upande wa pili.

"We Salome! Unanipita kama mgeni? Njoo hapa."

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekonda wewe, shule mnakula nini, chaki?" Akacheka, halafu akaanza kukunja kitenge ambacho kilikuwa kimeshakunjwa. "Kesho kutwa nakuja kwenu. Nimetoa baibui jipya. Watalisoma jina, eh?"

"Watalisoma, mama."

"Basi. Sitaki kingine. Nikae zangu kule nyuma, nisikie wanamwita pamoja na wenzake."

Nikasema ndiyo mama. Nikaondoka bila kununua nilichotumwa.

Jana usingizi haukunipata, lakini hayo siyaandiki, yanafanana na ya kila mtu asiyelala.

Leo asubuhi kabla ya kanisa nilichukua simu ya baba mezani. Namba ya Mwalimu Ntandu ipo, baba ni mjumbe wa kamati ya wazazi. Nikapiga. Ikaita. Nikasikia upepo, na mwalimu akisema, "Haloo? Haloo, mjumbe?" Nikakata.

Nikapiga tena. "Haloo!" Nikakata.

Nilikuwa najiandaa mara ya tatu, simu ikaanza kuita yenyewe mkononi. Amepiga yeye. Baba akatoka chumbani anafunga mkanda, akaipokea.

"Mwalimu, habari za huko... Nani, mimi? Nikubipu Jumapili asubuhi, nina shida gani na wewe?... Hapana bwana, salio lipo... Aa, basi ni watoto hawa. Vipi alizeti?... Eeh, upepo, upepo... Haya, kesho."

Akanitazama. "Salome, umebonyeza simu?"

"Imejibonyeza, baba."

"Imejibonyeza mara mbili?"

Mama akatuita kwamba tunachelewa, nikaponea hapo. Kanisani sikusikia mahubiri. Nilikaa nikiomba kitu cha kijinga, kwamba pikipiki ya mwalimu iharibike. Halafu nikaomba kusamehewa kwa hilo ombi, maana mwalimu ana watoto wadogo.

Baada ya ibada nikaenda shule. Mlinzi ananijua, alinifungulia geti bila swali. Nikawasha kompyuta, nikafungua ile C, sehemu ambayo sijawahi kuigusa. Ugali wenyewe.

Pale inapojaza safu, Mwalimu Mkumbo alikuwa ameacha maneno yake kwa herufi kubwa: ASIYE NA ALAMA APEWE NIL, SI SIFURI.

Nikakumbuka siku aliyonifundisha. Nilimwuliza kwa nini isiwe sifuri, si ni kitu kimoja. Akasema hapana. Sifuri ni alama. Aliyepata sifuri alikuja, akakaa kwenye kiti, akaandika, akakosa yote. Nil ni mtu ambaye hakuwepo. Akasema ukivichanganya hivyo viwili utamwonea mtu. Niliandika hayo kwa Kiingereza kwenye daftari, kwa sababu darasani tunaandika kwa Kiingereza, nikayakariri, nikapata vema kwenye jaribio. Na jana nikamwonea mtu.

Kwa hiyo leo nilikuwa najua ninachotaka. Nilitaka skripti ifanye kama sisi mstarini. Ifike kumi na saba, ikute kimya, isiondoke, iendelee kumi na nane.

Kulisema hivyo ni rahisi.

Kwanza niliifuta ile sifuri, halafu nikaiambia skripti isisimame kwenye chumba kitupu, iende tu mpaka mwisho. Lakini mwisho uko wapi? Skripti imekabidhiwa safu, haijakabidhiwa habari ya safu inaishia wapi, na ikijaribu kukisia inadanganywa na lile pengo. Anayejua ni C, kwa sababu ndiyo iliyoshika darasa zima. Ikabidi nibadilishe pale C inapoiita funksheni, iikabidhi vitu viwili badala ya kimoja: safu, na idadi ya vyumba. Mstari mmoja wa C na mmoja wa Lua. Kukompaili kukakataa kwa sababu ya nukta-mkato, nikaihangaikia nukta-mkato muda mrefu kuliko mstari wenyewe. Suala la C kuhesabu vyumba kuanzia sifuri na Lua kuanzia moja Mwalimu Mkumbo alishalimaliza, Mungu ambariki, nisingeweza na hilo pia.

Ikakubali. Nikaiendesha. Ikafika kumi na saba, ikapita! Halafu ikaanguka mbele kidogo, pale pa kupanga nafasi. Ujumbe ulikuwa wa Kiingereza, nikausoma, nikautafsiri kichwani kama tunavyofanya darasani: umejaribu kulinganisha kitu ambacho hakipo na namba.

Nilikaa nikauangalia. Nimefundishwa Kiingereza tangu darasa la tatu na sijawahi kukutana na sentensi iliyonijua namna ile. Maana ndicho ninachofanya tangu mwezi wa tatu. Kila ninayejaribu kukaa naye namlinganisha na ambaye hayupo.

Haya. Nikaandika upya ile funksheni. Itengeneze safu ya pili, humo iwatie wenye alama tu, kila mmoja na namba yake mkononi asije akapotea. Iwapange hao. Halafu irudishe nafasi za watu kwenye vyumba vyao vya zamani, na kumi na saba kiachwe wazi kama kilivyokuja. Sikumlinganisha Zuhura na mtu. Nikaendesha.

Majina yote yakatoka, na kwenye jina la Zuhura: nafasi ya 0.

Hapo ndipo nilipolia, nikajilaza juu ya meza. Nilikuwa nimeiondoa kwa mkono wangu mwenyewe na imerudi. Ilikuwa kama mtu anafukuza nzi. Niliona basi, hata mashine haiwezi kuvumilia mahali pasipo na kitu, lazima itie namba, na namba inayotia ni hiyo. Nilitaka kuzima, nirudi nyumbani, kesho nijifanye naumwa koo. Safari hii kweli lingeuma.

Sijui nilikaa hivyo muda gani. Kilichoniinua ni mlinzi, alikuja dirishani akagonga na kuniuliza, "Mama, umelala au unasali?" Nikasema nasali. Akaomba radhi, akaenda zake. Nikaona aibu, nikanawa uso.

Halafu nikafikiri. Skripti ilirudisha pengo, nimehakikisha. Kwa hiyo sifuri imewekwa na C. Ilipopokea kitu kisichokuwepo ilikilazimisha kiwe namba, ikaona sifuri. Haikuuliza kwanza. Kama mwalimu anavyoangalia dirishani na kusema weka sifuri twende. Kama mimi. Basi nikaifundisha iulize. Kabla hujaandika nafasi ya mtu, angalia kama kuna kitu. Kama hakuna, usiandike namba yoyote. Andika jina tu.

Nikasonga ugali mara ya mwisho. Jina likatoka, na mbele yake peupe.

Lakini hata hapo haikuwa imekwisha. Orodha inasomwa kwa nafasi, wa kwanza mpaka wa mwisho. Asiye na nafasi unamweka wapi? Juu ya wa kwanza? Chini ya wa mwisho, watu wakiwa tayari wanacheka? C ilikuwa imemtupa mwisho kabisa. Hakuna mahali.

Nilizunguka chumba kile, nikatoka nje, upepo ukanipiga vumbi machoni, nikarudi. Nikaona kwamba mahali pake papo tangu kidato cha kwanza. Kumi na sita, yeye, mimi. Nikabadilisha uchapaji. Orodha isitoke kwa nafasi, itoke kwa namba, na nafasi ya kila mmoja iandikwe pembeni ya jina. Wa kwanza atasomwa hapo hapo alipo, makofi yapigwe hapo. Wa mwisho naye atatajwa katikati ya watu na hakuna atakayekuwa amejiandaa kucheka. Na baada ya kumi na sita litasomwa jina la Zuhura, peke yake, bila kitu mbele yake.

Nimeichapa. Iko kwenye begi ndani ya kitabu cha Jiografia isijikunje.

Mngedhani sasa nimetulia.

Naogopa kuliko jana. Kwa sababu mashine nimemalizana nayo, na kilichobaki ndicho kile nisichokiweza. Karatasi ya sifuri bado iko kwenye koti la Mwalimu Ntandu huko Ilongero. Kesho atashuka na pikipiki, atakuwa amechelewa, ana vumbi mpaka kwenye nyusi, wazazi wameshaanza kukaa, na inabidi mimi, mimi Salome, nimsimamishe. Nimwambie karatasi uliyonayo imekosewa. Nimwambie uliponiuliza Ijumaa nilisema umeme na haikuwa umeme. Nimwambie wewe ulisema sifuri na mimi nikaweka. Nimwambie usome kwa namba, siyo kwa nafasi, kitu ambacho hakijawahi kufanywa. Anaweza kusema, "Binti, tangu lini wewe unapanga ratiba ya shule?" Anaweza kucheka tu. Nikicheleweshwa na koo langu hata kidogo, atanipita, atapanda jukwaani, na baibui jipya litakuwa kule nyuma linasikiliza.

Hakuna wa kunijibia. Hilo nimelikataa tangu mwezi wa tatu na leo naliandika.

Nimefikiria kumwachia mezani na kikaratasi. Ila meza yake ina makaratasi mpaka sakafuni. Nimefikiria kumpa Daudi. Daudi angeweza, ana mdomo. Lakini Daudi hakuweka sifuri.

Halafu nikakumbuka kitu, hapa hapa nikiandika. Kesho kabla ya sherehe kutakuwa na mstari kama kawaida. Tutaita namba. Itafika kumi na sita, patakuwa kimya, halafu itabidi niongee. Nimeongea baada ya kile kimya kila siku ya shule tangu alipoondoka, na sijawahi kukosa hata mara moja. Sijui kwa nini nilikuwa sijahesabu hiyo kuwa ni kuongea.

Kwa hiyo nitafanya hivi. Nitaita namba yangu, na wengine wakiendelea nitatoka mstarini kwenda getini kabla sauti haijafunga tena. Nitamsubiri hapo hapo, karatasi mkononi, siyo begini.

Maneno nimeyapanga. Shikamoo mwalimu. Ile orodha imekosewa, aliyekosea ni mimi. Namba kumi na saba ni Zuhura.

Nimeyajaribu sasa hivi mbele ya hii kompyuta. Mara ya kwanza hakikutoka kitu. Mara ya pili kaka wa kompyuta ya jirani amevua spika za masikioni, amegeuka, ananiuliza, "Umesema?"

Nimetikisa kichwa kwamba hapana, sikusema na yeye.

Lakini amesikia.